Panya wa Morogoro na Kikohozi cha Muheza

Mtu akisimama alfajiri penye stendi ya Muheza, saa ile malori yanapopakia machungwa na makondakta wanapoita abiria wa Tanga na wa Korogwe, atasikia sauti nyingi, na mojawapo ya sauti hizo ni kikohozi. Yuko anayekohoa kwa baridi aliyoteremka nayo kutoka Amani. Yuko anayekohoa kwa sigara. Yuko anayekohoa kwa vumbi la katani alilolivuta miaka kumi ndani ya korona. Na huenda yumo mmoja ambaye kikohozi chake ni kifua kikuu, naye alikwisha kwenda kupimwa akaambiwa kwamba hana ugonjwa huo. Mtu huyu amerudi nyumbani na moyo uliotulia. Amerudi kwa mkewe na watoto wake, amerudi kazini, amepanda basi lililofungwa madirisha kwa sababu ya mvua. Hakumdanganya mtu, wala hakudanganywa kwa makusudi.

Leo twataka kusema habari za mtu huyu, na pamoja naye tuseme habari za mnyama mmoja ambaye wakulima wetu wamezoea kumfukuza kwa fimbo, yaani panya buku. Wawili hawa wamekwisha kutana, na kukutana kwao kumeokoa maisha ya watu wengi ambao hawajui hata leo kwamba aliyewaokoa ana mkia.

Kidudu kiletacho kifua kikuu kilitangazwa mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 na daktari wa Kijerumani, Robert Koch. Watu wa Muheza wana haki ya kulijua jina hilo, kwa kuwa daktari huyo huyo alifika kwetu na kufanya kazi Amani katika safari zake za Afrika Mashariki za miaka ya 1905 na 1906. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Muheza tangu mwaka 1896. Hakuja kwa ajili ya vifua vya wapagazi na vibarua wetu; alikuja kuchunguza malale na homa ya papasi, maradhi yaliyoisumbua serikali ya kikoloni na mifugo yake. Lakini chombo alichokuwa nacho mezani, yaani hadubini, ndicho kilichobaki kuwa jicho la madaktari wa kifua kikuu katika nchi maskini kwa zaidi ya miaka 100 baada yake.

Chombo hicho ni chema, na hatutaki mtu akidharau. Kimeonyesha mamilioni ya wagonjwa. Ila kina upungufu wake, na upungufu huo hauna budi kujulikana na kila mfanyakazi. Mgonjwa hutema makohozi katika kikopo, mtaalamu huyapaka juu ya kioo chembamba, huyatia rangi, kisha hutazama kioo hicho sehemu baada ya sehemu. Ili jicho lipate kuviona vijidudu, yapasa viwe vingi, kiasi cha 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita moja ya makohozi. Mtu ambaye ugonjwa wake ungali mchanga hana wingi huo. Mtoto mdogo hana, na tena hawezi kukohoa vizuri hata akatoa makohozi ya kutosha. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI mara nyingi hana pia, ingawa ndiye anayeuawa upesi zaidi. Na mtaalamu mwenyewe ni mwanadamu. Vioo 25 kwa siku moja ni kazi ya kutosha kabisa kwa macho ya mtu. Akiletewa zaidi ya hivyo, jicho huchoka, na jicho lililochoka hupita juu ya adui bila kumtambua. Ndiyo maana katika zahanati nyingi za ulimwengu, zile zisizo na chombo kingine, hadubini huweza kuwapita karibu nusu ya wagonjwa.

Twafahamu kwamba iko mashine mpya, GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali mwezi wa Desemba 2010. Mashine hiyo hutoa jibu kabla ya saa 2 kupita, nayo huona vijidudu vichache ambavyo hadubini haivioni. Serikali imezisambaza mashine hizo katika hospitali nyingi. Lakini mashine yataka umeme usiokatika, yataka fundi, na kila kipimo kimoja chataka kichupa chake maalum kinachonunuliwa kwa fedha za kigeni. Kati ya mashine iliyoko hospitalini na mkulima aliyeko juu ya mlima bado lipo pengo, na katika pengo hilo ndimo panya alimoingia.

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari za panya wa Morogoro wanaonusa mabomu ya ardhini. Kazi hiyo ilianza kufikiriwa miaka ya 1990 na Bart Weetjens, Mbelgiji ambaye tangu utoto wake alipenda kufuga panya. Alitafuta mnyama mwepesi asiyeweza kulipua bomu kwa uzito wake, mwenye pua kali, anayefundishika, tena mzaliwa wa Afrika asiyesumbuliwa na maradhi ya huku. Shirika lililoundwa kwa kazi hiyo ni APOPO, na mwaka 2000 lilihamia Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Hapo ndipo penye kichekesho kidogo. Kituo cha chuo kilichowapokea panya hao ndicho kile kinachoshughulika na viumbe waharibifu wa mazao. Wataalamu waliosomea jinsi ya kumkomesha panya ndio waliojifunza jinsi ya kumlea.

Panya hao walikwenda Msumbiji, walikwenda Angola, walikwenda Kambodia. Mwezi wa Septemba 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu yote ya ardhini yaliyojulikana, na panya wa Morogoro walikuwa na sehemu yao katika kazi hiyo. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu na chama cha Waingereza cha PDSA mwaka 2020, nishani ambayo kabla ya hapo walipewa mbwa. Alikufa Januari 2022. Magazeti ya dunia nzima yalimwandika. Lakini ndugu zake waliobaki Morogoro, wanaonusa makohozi, hawakuandikwa kwa kiasi hicho, na kwa maoni yetu kazi yao inatuhusu zaidi sisi.

Panya buku si panya wa darini. Uzito wake hufika kilo moja na zaidi, na ukimpima kutoka puani hadi ncha ya mkia hukaribia urefu wa mkono wa mtu mzima. Ana mifuko mashavuni ya kubebea chakula. Hutembea usiku, macho yake ni dhaifu, na kwa hiyo maisha yake yote yamo katika pua. Karanga aliyoizika huijua mahali ilipo ingawa imefunikwa udongo. Katika sehemu za nchi yetu watu humla, na tumesikia wakisema ni kitoweo kizuri, sisi hatukuonja.

Mafunzo huanza akiwa mtoto wa wiki chache. Kwanza huzoeshwa watu, sauti, mwanga na kushikwa. Kisha hufundishwa jambo moja tu: kuna kidude kidogo kinacholia "ta!", na kila kinapolia, chakula huja, nacho ni ndizi iliyopondwa pamoja na chakula cha mifugo. Akishaelewa hivyo hupewa harufu. Akinusa makohozi yenye kifua kikuu na kutulia juu yake, kidude hulia naye hula. Akinusa yasiyo na ugonjwa, hapana kitu. Hakuna fimbo katika shule hiyo, wala njaa ya kumtesa. Baada ya miezi kama 9 hutahiniwa, na asiyefaulu harudishwi kazini kwa kuonewa huruma.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Makohozi kutoka hospitali na zahanati hupashwa moto mkali kwanza, ili vijidudu vife na wafanyakazi wasidhurike; harufu hubaki. Vikopo hupangwa chini ya kizimba kirefu cha kioo na chuma, na sakafu ya kizimba hicho ina mashimo 10. Panya huingia, mashimo hufunguliwa moja baada ya jingine, naye hupita akinusa. Shimo lisilo na neno hulipita mara moja. Shimo lenye ugonjwa hulisimamia, ameingiza pua, kwa muda wa sekunde 3 hivi, pengine akikwaruza sakafu kwa makucha. Kwa dakika 20 aweza kupitia vikopo 100. Fundi wa hadubini, kwa hesabu ile ya vioo 25 kwa siku, angetumia siku 4.

Sasa msomaji mwenye akili ya kiwanda atauliza: je, panya atajuaje kwamba hawadanganyi wenziwe ili apate ndizi? Swali hili ni zuri, nalo limejibiwa kwa ujanja. Miongoni mwa vikopo huchanganywa vichache ambavyo majibu yake yamekwisha julikana kwa hakika. Panya akisimama juu ya kikopo kinachojulikana kuwa na ugonjwa, hulipwa. Akisimama juu ya kikopo ambacho hakuna anayejua kilichomo, halipwi, bali huandikwa tu. Akisimama ovyo ovyo juu ya vikopo vizima, makosa yake huonekana siku hiyo hiyo katika daftari. Zaidi ya panya mmoja hupitia vikopo vile vile, na neno la panya peke yake halimpi mtu dawa. Kikopo kilichotiliwa shaka hurudishwa kwa wataalamu, nao hukichunguza upya kwa hadubini yenye nguvu zaidi au kwa mashine. Wakithibitisha, ndipo hospitali iliyokileta hupewa habari.

Na hapa ndipo penye moyo wa jambo hili. Vikopo vingi vinavyopelekwa kwa panya ni vile ambavyo hospitali zilikwisha kuvipima na kusema havina ugonjwa. Panya hashindani na daktari katika kuwatafuta wagonjwa wanaoonekana. Yeye humtafuta yule wa stendi, aliyerudi nyumbani ametulia. Tangu huduma hiyo ilipoanza kutolewa mwaka 2007, hospitali zinazoshirikiana na panya zimeona hesabu ya wagonjwa waliogunduliwa ikipanda kwa kiasi cha asilimia 40, na wagonjwa waliokuwa wamepitwa na kupatikana kwa njia hii, hapa nchini na katika nchi jirani zilizoiga kazi hiyo, wamezidi 20,000. Kwa kuwa mgonjwa mmoja asiyetibiwa aweza kuwaambukiza watu 10 hadi 15 kwa mwaka, kila msomaji aweza kujipigia hesabu iliyobaki.

Habari za watoto zatugusa zaidi. Watafiti wa Morogoro, akiwemo Georgies Mgode wa Chuo cha Sokoine, walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa makohozi ya watoto 982 wenye umri usiozidi miaka 5. Hospitali zilikuwa zimewaona 34 kuwa na kifua kikuu. Panya, na baada yao wataalamu waliothibitisha, waliwaona wengine 23. Watoto 23 ni darasa dogo la chekechea. Bila pua ile wangerudishwa mgongoni kwa mama zao na dawa ya kikohozi cha kawaida.

Tukirudi kwetu Muheza, tuna sababu za kulitazama jambo hili kwa jicho la pekee. Wilaya yetu ni nchi ya mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika Pangani 62 tu yenye uhai, na katika miche hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoenea mkoa mzima, pamoja na kambi za manamba walioletwa kutoka mbali. Watu walilala wengi katika chumba kimoja chenye dirisha dogo, na hakuna mazingira ambayo kifua kikuu chayapenda kuliko hayo. Kambi za namna ile zimepungua sana, lakini vumbi la katani lingalipo. Wachunguzi waliopima afya ya wafanyakazi wa viwanda vya mkonge katika nchi yetu wamekuta dalili nyingi za kifua, hasa kwa wale wa chumba cha brashi, ambako katani husuguliwa na vumbi huruka kama moshi.

Tazama basi mtego ulivyo. Mfanyakazi wa brashi akikohoa wiki mbili, husema, "Ni vumbi." Akikohoa mwezi, msimamizi naye husema, "Ni vumbi." Mkewe nyumbani amekwisha zoea. Siku anapokwenda kupimwa amechelewa tayari, na kama hadubini ikimpita, maneno yale yale ya vumbi hupata muhuri. Hatamkumbuka mtu wa kumwambia arudi. Mkulima wa machungwa hana vumbi, ila ana masafa: kutoka vijiji vya mlimani hadi mjini ni nauli ya pikipiki na siku nzima ya kazi, na mtu aliyekwisha lipa nauli hiyo mara moja akaambiwa hana kitu, hailipi mara ya pili kwa hiari yake.

Wako watakaotuuliza, je, mnataka panya waletwe Muheza? Jibu letu si la haraka. Kwanza, tusimpe panya sifa asizokuwa nazo. Shirika la Afya Duniani halijamkubali awe kipimo cha kwanza cha kifua kikuu. Hukosea. Wako hodari na wako wa wastani, kama watu. Hufanya kazi asubuhi, akishiba anachoka, na akiisha kuwa mzee pua yake hupungua. Hapo hustaafishwa, akatunzwa na kulishwa hadi kufa kwake. Tuliposoma habari hiyo tuliwakumbuka wazee kadhaa wa mkonge, waliotoka kambini na mkono mtupu, tukanyamaza kidogo. Tena malezi yake yataka mabingwa, vizimba, na maabara iliyo tayari kuthibitisha kila anachosema. Hayo hayawezi kuwekwa katika kila wilaya.

Makazi ya panya hawa ni Morogoro, na Muheza ni mbali na Morogoro kiasi cha kilomita 300 kwa njia ya Segera na Chalinze. Lakini si lazima panya asafiri. Kikopo ndicho kinachosafiri. Dar es Salaam, ambako huduma hiyo imeshika mizizi, vikopo hukusanywa zahanati hata zahanati kwa pikipiki, na jibu hurudi upesi, hata siku ya pili. Upesi huo una maana yake. Hapo mwanzo majibu yalikuwa yakichelewa, na mgonjwa aliyepatikana katika daftari hakupatikana tena mtaani: amehama nyumba, simu haipatikani, jina aliloandikisha si lile analoitwa na majirani.

Tena panya hamfuati mgonjwa nyumbani. Anayemfuata ni mtu. Temeke kiko chama cha watu waliopata kuugua kifua kikuu wakapona, kiitwacho MUKIKUTE, ambacho wanachama wake wamejitolea kuwatafuta wagonjwa waliopitwa, kugonga mlango kwa adabu, kumwita mtu kando asiaibike mbele ya wapangaji wenzake, na kumpeleka hadi dirisha la dawa. Hao ndio tunaowaonea fahari sawasawa na panya wenyewe. Mtu aliyepona akisema, "Mimi nilikuwa kama wewe, nikameza dawa miezi 6, nitazame," husadikiwa kuliko bango lolote ukutani.

Nchi hii si mgeni katika vita hivi. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na ni hapa kwetu ambapo Daktari Karel Styblo, pamoja na wauguzi na waganga wa Kitanzania, alionyesha kwamba nchi maskini yaweza kuwaponya wagonjwa wake kwa dawa za pamoja zinazomezwa mbele ya msimamizi, na kwa daftari linaloandikwa kwa uaminifu. Njia hiyo ilitoka kwetu ikaenda kwa ulimwengu mzima katika miaka ya 1990. Dawa hutolewa bure hadi leo. Mwalimu alipotaja ujinga, maradhi na umaskini kuwa maadui watatu wa taifa, kifua kikuu kilikuwa kimewaunganisha wote watatu katika kifua cha mtu mmoja.

Wala Muheza yenyewe si mgeni wa utafiti. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake cha Amani, ambacho kimefanya kazi Muheza kwa miaka mingi, na jina la wilaya yetu limeandikwa katika vitabu vya malaria tangu miaka ya 1950. Hata malaria sasa imefikiwa na pua. Nchini Gambia watafiti waliwavisha watoto wa shule soksi za nailoni usiku mmoja, wakazikusanya na kuzipeleka Uingereza, na mbwa wawili waliofundishwa wakazinusa. Habari zilitolewa mwaka 2018: katika soksi za watoto wenye malaria, ambao hawakuwa na homa wala dalili, mbwa walizitambua 70 katika kila 100, na katika soksi za watoto wazima walizipita kwa haki 90 katika kila 100. Walikuwa mbwa wawili tu na soksi 175, na kwa hiyo ni mwanzo wa jambo. Twajua pia kwamba katika pwani yetu mbwa hakaribishwi ndani ya nyumba, na hilo lapasa kuheshimiwa. Lakini mbwa aliyepelekewa soksi hamgusi mtu.

Liko neno la fedha, nalo hatuwezi kulificha. Kazi ya panya ilianza kwa msaada wa Ubelgiji, na imeendelea kwa misaada ya wageni wengi. Mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, kila mwenye kazi ya kifua kikuu katika Afrika alijifunza kwa siku chache jinsi mlango wa mtu mwingine unavyofungwa. Panya ni wetu, udongo ni wetu, walimu wao wengi ni vijana wa Kitanzania, chuo ni chetu. Ndizi nazo hatuzinunui ng'ambo. Ni vibaya kwamba jambo lililozaliwa katika mazingira yetu kwa kiasi hiki bado lingoje bajeti inayopitishwa katika miji ambayo watu wake hawajapata kumwona panya buku.

Kabla ya hayo yote kutengenezwa, yako mambo ambayo matawi ya Muheza yaweza kuyafanya bila panya wala mfadhili. Kila tawi la wafanyakazi katika shamba la mkonge laweza kuwa na daftari la watu wanaokohoa zaidi ya wiki mbili, na katika daftari hilo iwepo safu ya pili, ya wale waliopimwa wakaambiwa hawana ugonjwa na kikohozi kikaendelea. Hao warudishwe, na mwajiri asiwakate siku ya kazi waliyoitumia hospitalini. Balozi wa nyumba kumi aliyeko mlimani aweza kumchangia jirani yake nauli ya safari ya pili. Na wakubwa wa afya wa wilaya twawaomba watuambie katika kikao kijacho: katika watu waliopeleka makohozi mwaka uliopita wakaambiwa hawana kifua kikuu, ni wangapi waliopimwa tena, na kwa chombo gani?